Kumi za Mguu wa Kushoto

Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini na minne, na kwa muda mwingi kati ya hiyo nilikuwa mwalimu aliyechukiwa kuliko wote, kwa sababu ya mchakamchaka. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ya Tarime ikiwa bado imelala kwenye majani, nilikuwa mbele na bukta yangu na filimbi shingoni, na nyuma yangu shule nzima ikikimbia na kuimba. Aliyechelewa alirudia mzunguko. Aliyejifanya anaumwa mguu alirudia mara mbili, maana mguu unaouma kweli hauchagui saa ya kukimbia. Sikuwa na huruma na miguu ya watu.

Sasa nina miaka sabini na mbili na mguu wangu wa kushoto umeamua kunilipizia watoto wote wale.

Kiharusi kilinikuta nikiwa nafunga kamba ya kiatu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, nikijiandaa kupanda kilimani kwenye boma letu la zamani, alikozikwa mke wangu. Kamba niliiona, kidole nilikiona, lakini kidole hakikufika kwenye kamba. Nilikitazama kwa hasira kama nilivyokuwa nikimtazama mtoto aliyeitwa ubaoni na hataki kusimama. Halafu nikaanguka upande wa kushoto, kiatu kimoja mguuni, na kitu nilichofikiria kabla ya kingine chochote ni kwamba leo kaburi halitafagiwa.

Ni lazima nieleze habari ya kilima. Tuliishi kule juu maisha yetu yote ya ndoa, mimi na yeye, na baadaye kitinda mimba wetu na mkewe. Kutoka uani unaona bonde lote, vifusi vya mgodi upande wa Nyangoto, na siku ya hewa safi unaona hata ukungu wa Mto Mara, na ng'ambo yake nchi tambarare ya Serengeti. Mke wangu alisema azikwe pale pale, nyuma ya jiko lake, karibu na ua wa minyaa. Tulimzika pale. Baada ya mwezi mmoja mwanangu akaniteremsha kwenye nyumba mpya aliyojenga kando ya barabara, kwa sababu huku kuna maji ya bomba na zahanati, na kwa sababu kule juu, alisema, ningekaa nikimtazama mama siku nzima. Alisema kweli. Ndicho nilichotaka kufanya.

Basi tukafanya mapatano, mimi na nafsi yangu. Siku sita nakaa bondeni kama mtu mwenye akili, ya saba napanda. Kila Jumamosi kwa mwaka mzima na zaidi nilipanda na fimbo yangu, nikafagia, nikaketi juu ya jiwe alilokuwa akianikia wimbi, nikamweleza habari za wiki. Kupanda kulinichukua dakika arobaini. Nilikuwa naishi kwa ajili ya dakika hizo arobaini, na madaktari waliponiuliza baadaye nimewezaje kuwa na moyo imara katika umri huu, sikuona sababu ya kuwaeleza.

Kuna jambo moja juu ya njia ile ambalo halinitoki. Mimi na mke wangu tulipanda kilima kile pamoja mara zisizo na idadi, tukitoka kanisani, tukitoka mnadani, tukitoka kwenye matanga. Mimi mbele, yeye nyuma, kama ilivyo kwetu. Zaidi ya miaka arobaini nilisikia miguu yake nyuma yangu. Alikuwa na mwendo wa haraka haraka, hatua zake mbili kwa yangu moja, na akichoka alianza kuimba polepole ili nijue nipunguze. Nami nilipunguza, lakini sikugeuka. Niliona haya kugeuka, mwanamume mzima na filimbi yake. Siku hizi ningetoa kila nilicho nacho nigeuke mara moja nimkute pale, ameshika mzigo kichwani kwa mkono mmoja, akiniuliza, "Mwalimu, kuna nini?"

Hospitalini Tarime nilikabidhiwa kwa dada mmoja wa mazoezi ya viungo, mtu wa mikoa ya mbali, mchangamfu, mwenye mikono migumu. Alinikunja na kunikunjua kama turubai.

"Mzee, mguu huu haujafa," aliniambia. "Umesahau kazi. Tutaukumbusha. Kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Unainua, unashikilia, unashusha polepole. Na mtu akushike kisigino, akuhesabie, maana wagonjwa wote wanaohesabu wenyewe ni waongo."

Akamgeukia mwanangu. "Nyumbani anabaki na nani?"

"Na mke wangu," mwanangu alisema. Yeye anafanya kazi jikoni kwenye kambi ya watalii upande wa Robanda, huja nyumbani mara moja kwa miezi miwili. Wajukuu wako bweni.

"Basi vizuri sana. Mkeo atamshika baba mguu."

Mimi nilitazama dirishani. Mwanangu akatazama viatu vyake. Yule dada akatutazama sote wawili, akidhani labda amekosea jina la mguu.

Kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe hawashikani hata mikono. Hawakai kiti kimoja, na mmoja haingii chumba anacholala mwenzake. Tunaiita insoni, aibu yenye heshima ndani yake. Mkwe wangu akinisalimu husimama mbali, hupiga goti kidogo, husema, "Shikamoo baba," na mimi hujibu nikiwa naangalia mlango. Na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini jaribu kumweleza hayo mtu aliyeshika kisigino chako.

La ajabu ni kwamba mkwe huyu alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimfundisha darasa la tatu. Alikuwa mtoto mwembamba, wa mwisho daima kwenye mchakamchaka, na alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Nami, kama walimu wengi wa wakati ule, nilimpiga rula vidoleni mpaka akashika kalamu kwa mkono wa kulia. Niliona nimemsaidia. Miaka kumi na mitano baadaye mwanangu akamleta nyumbani, na tangu siku hiyo nikawa siwezi hata kumpa kikombe kutoka mkononi.

Mke wangu ndiye aliyekuwa daraja letu. Jioni mkwe angesema kutoka jikoni, kwa sauti inayosikika boma zima, "Mama, mwambie baba maji ya kuoga yako tayari." Mimi nilikuwa nimekaa hatua tano kutoka hapo, nimesikia kila neno. Lakini nilikaa kimya, naangalia ng'ombe, mpaka mke wangu ageuke aniambie, "Mwalimu, maji yako tayari." Hapo ndipo nilipoinuka. Alikuwa akitucheka. Alisema yeye ni simu isiyohitaji chaji. Mambo mazito yote ya nyumba ile yalipita kwake: mtoto akiumwa, mwanangu akikosea, mimi nikiongea kwa ukali kupita kiasi. Alipokufa, nyumba yetu ikabaki na watu wawili wanaoheshimiana sana na wasio na njia ya kuambiana kitu.

Nilirudi kutoka hospitali nikaanza mazoezi peke yangu barazani, kwenye kiti changu cha mbao. Na yule dada alikuwa ameniweza, maana nilikuwa mwongo. Nilihesabu moja, mbili, tano, kumi. Nilinyanyua mguu kidogo nikasema imetosha. Chumvi nilikatazwa, kichuri, ule mchuzi wetu wa nyama wenye uchungu wa nyongo, nilikatazwa, na kilima kilikuwa pale mbele yangu, nakiona kila nikinywa uji. Wiki tatu zikapita na kaburi halijafagiwa. Mwanangu alisema kwenye simu kwamba pikipiki inaweza kunifikisha mpaka kwenye migomba ya mwisho, na toka hapo atatafuta vijana wanne wanibebe na kiti. Nilimwambia nitabebwa kupanda kilima kile mara moja tu, na siku hiyo sitakuwa na la kusema. Nikakata simu.

Asubuhi moja, mkwe akiwa nyuma ya jiko anapepeta, nilisikia sauti.

"Moja."

Nikadhani anahesabu mayai.

"Moja," ilirudia, na sasa ilikuwa na kitu ninachokijua. Ilikuwa sauti ya mtu anayemngoja mvivu. Nikatazama huku na huku. Ukuta wa jiko ni wa matete yaliyokandikwa udongo, hakuna tundu. Nikainua mguu. Kiti kikalia.

"Mbili."

Nikaelewa. Alikuwa anasikiliza kiti. Kiti kikilia, namba inasogea, kisipolia haisogei. Nilijaribu kuinua nusu, kiti kikatoa mlio mdogo wa uongo, na kutoka nyuma ya jiko ikaja sauti ya upole kabisa: "Nne bado." Jasho lilinitoka. Tulipofika kumi akanyamaza, na ungo ukaendelea na kazi yake. Mchana akahesabu tena. Jioni tena. Hatukuzungumza juu yake, siku ile wala siku nyingine yoyote.

Wiki iliyofuata nilikuta mpira wa ndani wa baiskeli umefungwa kwenye nguzo ya baraza, kitanzi chake kimeshonewa kitambaa laini mahali pa kuingiza mguu. Hakuna aliyesema umetoka wapi. Niliuvuta kila siku, kumi kumi, na baadaye namba zikawa ishirini, bila mtu kuniomba ruhusa. Siku mvua iliponyesha na mifupa ikagoma, nilibaki nimejikunja kitandani, nikasikia nyuma ya jiko, "Moja." Kimya. "Moja." Alisema moja mpaka nikatoka nje kwa hasira, nimevaa koti juu ya shuka.

Jirani yangu, mzee wa rika langu, tuliyetahiriwa naye msimu mmoja, alisimama kwenye ua wake akacheka mpaka akakohoa, akaniita kijana kwa lugha yetu.

"Mura! Leo mwalimu anahesabiwa kama ng'ombe wa josho!"

"Njoo uhesabiwe na wewe," nilimwambia. "Magoti yako yanalia mpaka huku nasikia."

Alikuja kunicheka siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne alikuja na kigoda chake. Yeye husema anakuja kwa ajili ya uji, lakini mguu wake unapanda ikifika zamu, na akidanganya tunasikia wote, kwa sababu kigoda hakilii ila yeye mwenyewe anaguna. Wazee wawili barazani, miguu juu, tukitii sauti ya mtu tusiyemwona. Nilimwambia ningekuwa bado na filimbi ningempa yule aliyeko nyuma ya jiko.

Nilianza kutembea. Kwanza mpaka bombani, halafu mpaka zahanati, halafu mpaka dukani kusoma gazeti la juzi na kubishana na watu. Baruti ya mgodi ilipolia mchana na mabati kutikisika, nilikuwa nimeshamaliza mzunguko wangu. Mwili ulinirudia kwa vipande vidogo. Lakini kila nilipofika mwisho wa mzunguko nilisimama nikakitazama kilima. Nilimkosa mke wangu kwa namna ya kitoto kabisa. Nilitaka kumwonyesha mguu.

Jambo moja tu lilikuwa linaniudhi. Jumamosi hapakuwa na hesabu. Mkwe aliniandalia uji alfajiri, akafunika na sahani, akaondoka. Alirudi jua likiwa utosini, ametoka jasho, hana kikapu, hana kitu alichonunua, na pindo la sketi yake limejaa kishona nguo, zile mbegu nyeusi zinazong'ang'ania ukipita porini. Jumamosi ya kwanza nilinyamaza. Ya tano nikaanza kuhesabu mimi.

"Wanawake wengi wanakwenda huko Nyangoto kuokotaokota mawe yenye dhahabu," jirani alisema, akinywa uji wangu. "Sisemi ni yeye. Nasema wengi."

Sikuwa na wa kumtuma amuulize. Mke wangu angeliuliza lile swali wakati anachambua mboga, na jibu lingenifikia kabla chakula hakijaiva. Mimi nilibaki nalo. Na mtu akikaa na swali peke yake kwenye baraza, mguu juu, mguu chini, swali linaota mizizi. Nilifikiri anatembea ovyo. Nilifikiri amechoka kumtunza mzee, na Jumamosi anakwenda mahali wanapocheka. Niliona aibu ya mwanangu itanijia mlangoni. Basi nikafanya jambo ambalo nikilikumbuka natamani ardhi inifiche. Nilimpigia mwanangu simu.

"Mguu unaendeleaje, baba?"

"Mguu mzuri. Mkeo ndiye anayetembea kuliko mimi."

Nikamweleza. Jumamosi zote, kishona nguo, mawe ya Nyangoto, yote. Nilitumia sauti ya ofisini. Nilisikia sufuria zikigongana jikoni kwao.

"Baba, mwache," alisema.

"Nimwache aende wapi?"

"Mwache tu, baba. Nakuomba."

Nilijua atamweleza, na alimweleza. Jumatatu asubuhi nilisikiliza nyuma ya jiko. "Moja," ilikuja, kwa wakati wake, ila ilikuwa chini kidogo kuliko kawaida. Hakupunguza namba hata moja. Alinihesabia zote ishirini, na mchana akanihesabia, na jioni. Ningependelea anirushie sufuria.

Ilikuwa mwezi wa nane tangu nianguke. Ukame ulikuwa umeshika, njia imekauka. Siku ya Alhamisi, nikiwa barazani, nilisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na hewa, "Jumamosi nitapanda."

Ungo ulinyamaza nyuma ya jiko.

"Baba," alisema, "lile jabali la katikati lina utelezi."

"Sikuuliza habari za jabali."

Hivyo ndivyo nilivyo. Hata mke wangu alinizika moyoni mara nyingi kabla sijamzika yeye.

Jumamosi nilivaa viatu mwenyewe. Kamba nilizifunga mwenyewe, ya kushoto kwa dakika nyingi, na nilipomaliza nilikaa kidogo nikilitazama lile fundo kwa furaha. Nikashika fimbo nikatoka. Nilipita migomba ya mwisho bila kusimama. Mawe yalipoanza nikasikia nyuma yangu, mbali kidogo, miguu.

Mwendo wa haraka haraka, hatua mbili kwa moja yangu.

Nilisimama. Jua lilikuwa limechomoza, ndege wanalia, mimi mtu mzima niliyesoma, na bado kwa muda wa pumzi mbili tatu niliamini kabisa ni yeye. Niliogopa kugeuka nisije nikamkosa. Halafu miguu nayo ikasimama, ikaacha nafasi ileile ya heshima kati yetu, na sauti ikasema, "Moja."

Nikajua ni nani, na machozi yakanitoka kwa sababu ni yeye na kwa sababu si yeye. Sikugeuka, safari hii kwa sababu desturi ilinikataza. Nikainua mguu.

Tulipanda hivyo. Kila kumi nilipumzika, naye alipumzika, hatua ishirini chini yangu. Kwenye jabali la katikati mguu wa kushoto ukagoma. Pale njia ni mwamba mmoja mkubwa ulioinama, umelainishwa na miguu ya ng'ombe, na pembeni ni vichaka. Niliweka fimbo ikateleza. Niliweka goti, nikabaki hapo, nimepiga magoti kama mtoto wa adhabu, siwezi kupanda, siwezi kushuka. Nilisikia vichaka vinavunjika. Alikuwa anazunguka porini ili asinipite karibu. Akatokea juu yangu, sketi imejaa kishona nguo, amegeukia upande wa kilele. Alifungua kitenge alichojifunga kiunoni, akashika ncha moja, akanitupia nyingine bila kutazama nyuma.

Nikajizungushia kiganjani.

"Moja," alisema, akavuta kama anayevuta fahali wa kulimia.

Nilipanda jabali kwa hatua kumi na moja. Kitenge kilikaza katikati yetu, hakuna aliyemgusa mwenzake, na mababu hawakuwa na la kulalamikia.

Nilipofika juu nilikuwa nimejiandaa kukuta pori. Miezi minane, na mvua zote zile. Niliona nitalitambua kaburi kwa kuhisi. Nilizunguka mabaki ya jiko la mke wangu nikasimama.

Palikuwa pamefagiwa. Hapakuwa na jani. Udongo ulikuwa na mistari ya ufagio, ya zamani chini na mipya juu, kama daftari lililofutwa na kuandikwa mara nyingi. Kishona nguo kilikuwa kimeng'olewa pembeni na kurundikwa, kirefu cha kufika kiunoni. Wimbi kidogo lilikuwa limemwagwa juu ya jiwe lake, ndege walikuwa wanalila. Na kwenye ua wa minyaa uliegemea ufagio wake mke wangu, ule ule wa vijiti, umeisha karibu wote, umelika upande mmoja tu, kwa namna unavyolika ukishikwa na mkono wa kushoto.

Nilikaa juu ya jiwe. Ndege wakaruka. Mkwe wangu alikuwa amesimama karibu na mabaki ya jiko, pale pale alipokuwa akisimama zamani, amenipa mgongo nusu. Nilikuwa na mengi ya kumwambia na hakuna hata moja ambalo baba mkwe anaweza kulisema. Basi nikamgeukia aliyeweza kunisaidia.

"Mama watoto," nilisema kwa kaburi, kwa sauti ya kusikika boma zima. "Nimechelewa. Mguu ulinigomea. Kuna mtu amekuwa akija hapa kwa niaba yangu, na mimi nikamsema vibaya kwa mumewe. Mwambie nimeona. Mwambie mkono ule sikupaswa kuupiga. Mwambie mwalimu anaomba radhi."

Upepo ulikuwa unapita kwenye minyaa. Nyuma yangu nikasikia anavuta pumzi kwa pua, kama mtu anayejizuia.

"Mama," alisema mkwe wangu, "mwambie baba sikumficha kwa ubaya. Sikutaka ajue nafika mahali asipoweza kufika yeye. Na nilikosa wa kumtuma." Akang'oa mbegu moja ya kishona nguo kwenye pindo lake. "Mwambie pia asikae sana, jiwe lina baridi, na mguu bado haujafanya kumi zake za mchana."

Nilikuwa nimesikia kila neno, alikuwa hatua tano tu kutoka nilipokaa. Lakini nilibaki kimya nikiangalia bondeni, kama zamani, ili mama watoto apate nafasi ya kugeuka aniambie.